Nozawa Onsen: maji moto ya bure, theluji ya kulipia

Naanza na alama kabisa, maana wengi wetu tukisoma maoni ya namna hii tunatafuta nyota kwanza: Nozawa Onsen naipa nne kati ya tano. Kingekuwa kijiji cha kuteleza kwenye theluji tu, ningekipa tatu. Kilichonifanya nipandishe ni nyumba zake za kuogea maji ya moto ya chemchemi, ambazo hazitozi hata senti.

Kijiji kiko milimani, kaskazini mwa mkoa wa Nagano nchini Japani, na wakazi wake ni kama 3,500 hivi. Majira ya baridi upepo wa Siberia huvuka Bahari ya Japani ukizoa unyevu, na ukigonga safu hii ya milima unaumwaga wote ukiwa theluji. Nilikwenda Februari, nikiwa Tokyo kimasomo, na mtu aliyekulia Tanga hajaandaliwa na chochote kuona theluji iliyorundikana juu ya paa ikimzidi kimo. Baadhi ya njia zimefukiwa mabomba yanayorusha maji ili theluji iyeyuke, kwa hiyo katikati unakanyaga maji na pembeni kuna ukuta mweupe. Raba za mjini ziache Tokyo. Beba buti zisizopitisha maji, glavu, na taulo lako mwenyewe.

Usafiri hauna shida. Tangu Machi 2015 treni ya mwendo kasi ya Hokuriku Shinkansen inasimama Iiyama, mji wa jirani. Kutoka Tokyo ni chini kidogo ya saa mbili na nauli ni karibu yeni 9,000. Angalia jina la treni: Kagayaki hupita Iiyama bila kusimama, unayoitaka ni Hakutaka. Ukishuka kuna basi, dakika 25 hivi uko kijijini.

Sasa maji. Kuna nyumba za kuogea 13, zimetapakaa vichochoroni, nyingi za mbao, na ziko wazi tangu asubuhi na mapema hadi karibu saa tano usiku. Hakuna mlinzi wala mkata tiketi. Kuna kisanduku cha sadaka, unatia sarafu ukipenda. Si za halmashauri wala za hoteli: kila moja inatunzwa na kikundi cha majirani, yu-nakama, ambao kwa utaratibu uliotoka enzi za Edo (1603–1868) hupeana zamu za usafi na kuchangia gharama, umeme ukiwemo. Mgeni anaoga kwa hisani yao. Ukishalijua hilo, masharti yaliyobandikwa ukutani hayakukeri tena.

Masharti yenyewe ni haya. Wanaume mlango wao, wanawake mlango wao, na ndani hakuna cha nguo ya kuogelea, ni mwili mtupu. Nyingi hazina chumba cha kubadilishia. Unavua hapo hapo pembeni ya bwawa na nguo unazipanga kwenye rafu. Bomba la mvua usilitarajie. Unachuchumaa ukingoni, unachota maji kwa beseni, unajisugua kwa sabuni na kujisuuza mpaka povu liishe, ndipo unaingia. Taulo lisiguse maji. Wazee hulikunja wakaliweka kichwani.

Oyu, iliyo katikati ya kijiji, ndiyo inayopigwa picha kuliko zote kwa paa lake la kizamani. Ndani ina mabwawa mawili, moja la moto na jingine la moto zaidi, na harufu ya kiberiti inakupokea mlangoni. Nilitumbukiza mguu kwenye lile la pili nikautoa upesi. Mzee mmoja aliyekuwa amezama hadi shingoni akaliangalia bomba la maji baridi, kisha akawaangalia wenzake mmoja mmoja hadi wote wakaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo akalifungua, kidogo, upande wangu tu. Maji baridi hayafunguliwi mpaka waliomo waridhie, na wewe ukimaliza unalifunga. Dakika chache zilinitosha. Nilitoka nje kwenye baridi iliyo chini ya sifuri, koti mkononi, na sikusikia baridi hata chembe mpaka nafika nilikofikia.

Kwa Waislamu, na kwa yeyote asiyetaka kuvua mbele za watu: zipo nyumba za wageni zenye bafu la maji hayo hayo ambalo unajiwekea saa yako na kujifungia ndani. Uliza kabla ya kulipia chumba. Vinginevyo kuna mahali pa kuloweka miguu bure, unakunja suruali basi.

Panda kidogo kutoka Oyu utafika Ogama, ambako maji hutoka yakikaribia nyuzi 90. Wageni hawaruhusiwi kuingia, wanatazama kutoka nje ya uzio, na ni haki kabisa, maana lile ni jiko la kijiji. Nilimkuta mama mmoja mwenye buti za mpira akishusha kapu la mboga kwenye dimbwi, anapiga soga na mwenzake bila kuangalia saa, halafu akalinyanyua mboga zikiwa zimeng'aa kijani. Hakuonja. Alijua tu. Mboga yenye jina la kijiji ni nozawana, jamii ya tanipu, ila kinachopendwa ni majani. Mwezi wa Novemba wenyeji huiosha kwa maji ya moto ya mabafu hayo hayo na kuisindika kwa chumvi, na mezani nafasi yake ni ile ya kachumbari kwetu kwenye pilau. Ukiona oyaki, donge la unga lililojazwa nozawana, nunua mawili.

Malazi ndiyo yaliyokula nyota yangu moja. Nilifikia kwenye nyumba ya wageni ya familia, jina nalihifadhi. Tangazo lilisema iko karibu na lifti za skii. Ukaribu upo, ila njiani kuna kilima kikali chenye barafu. Hita ya mafuta ya taa chumbani hujizima yenyewe kila baada ya saa tatu kwa ajili ya usalama, kwa hiyo usiku wa manane unaamka pua imekufa ganzi, unatoa mkono nje ya mfarishi, unabonyeza, unarudi kulala. Korido haina joto kabisa. Kiti cha choo, cha ajabu, kinalo. Mama mwenye nyumba alikuwa mwema sana lakini, soksi zangu alizianika juu ya hita yake bila kuombwa.

Kuteleza nitasema kwa kifupi. Tiketi ya lifti nilipokwenda ilikuwa karibu yeni 7,000 kwa siku, na hapo hujakodi vifaa. Kwa anayejua, ni mahali pa maana: mlima Kenashi una mita 1,650, kuna njia ya kushuka kilomita 10, klabu ya skii ya kijiji ni ya tangu 1923, na mashindano ya baiathloni (skii na kulenga shabaha) ya Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 yalifanyikia hapa. Kwa asiyejua ni kuanguka kwa bei ghali. Nilichokifurahia zaidi ni ule mkanda unaotembea, uliofunikwa juu, unaokupandisha kutoka kijijini hadi penye lifti. Ni bure, bila shaka ndiyo maana.

Tarehe 15 Januari ni sherehe ya moto ya Dosojin, miungu walinzi wa njia. Wanaume waliofikia miaka 42 huketi juu ya mnara wa magogo, wa miaka 25 huulinda chini, na wanakijiji wengine huwavamia kwa mienge wakitaka kuuchoma. Umri wa miaka 25 na wa 42 huhesabiwa kuwa wa mkosi kwa mwanamume. Mwishoni mnara unateketezwa wote. Baba mwenye nyumba, aliyekwisha kupitia zamu zote mbili, alinionyesha kovu dogo nyuma ya mkono huku akicheka kama aliyepewa nishani. Vyumba vya usiku huo hujaa mapema mno.

Chakula: michuzi mingi hutiwa mirin au sake, vileo vya mchele, na nguruwe hakosekani. Waeleze wakati wa kuhifadhi chumba, si ukiwa umekaa mezani. Pesa taslimu beba, si kila duka linapokea kadi. Theluji mlimani hukaa hadi mwanzoni mwa Mei, na kuanzia mwisho wa Machi vyumba hupungua bei na mabafu ya jioni hayana msongamano. Mimi nitarudi majira hayo, na skii sitakodi.