Duka la sarafu za kale Mji wa Kale: rupia ya Mombasa nimeipata, lakini presha nayo ilinipanda

Wale wote mlioniuliza nimeitoa wapi ile rupia ya 1888, sarafu ya fedha ya zamani, ni kaduka kadogo tu ka vitu vya kale, uko barabara ya Ndia Kuu hapa Mombasa unakata kichochoro, jina sitaji sababu nina maneno nao kidogo. Ukiingia utadhani ni stoo ya mtu, masanduku, mabuli ya shaba, saa za ukutani zimekufa zote, na sarafu zenyewe ziko ndani ya bati la biskuti chini ya kaunta, usipouliza hazitoki.

Mie nilikuwa nawinda rupia ya kampuni. Sio ya serikali ati, ya kampuni, ile Imperial British East Africa Company ya Waingereza, ya kina Mackinnon mwanzilishi wake, walipewa hati ya kifalme ya kuendesha mambo huku 1888 na mwaka huohuo wakachongesha rupia zao kule Birmingham kwa Heaton, kiwanda cha watu binafsi, ndo maana ukiangalia vizuri utaona kiherufi H. Kuna taji, jua, mizani, na neno MOMBASA limeandikwa wazi, yani mji wetu kwenye fedha ya fedha! Kufika 1895 kampuni ishakwama kifedha, nchi ikachukuliwa na serikali ya Uingereza, so hizi rupia hazikuchongwa miaka mingi na ukiipata nzima shukuru.

Mzee wa duka akanitolea tatu. Nikamwambia ami, naomba mizani, wala hakununa, akatoa ile mizani ndogo ya masonara akaniwekea mwenyewe. Rupia hizi zafaa ziwe gramu 11.66, sawa na rupia ya India. Mbili zikasoma 11.5 na kitu, sawa, zimelika kidogo kwa kutumika. Ya tatu ikasoma 9 na ushee, nikaigeuza nikapitisha ukucha ukingoni, kuna kimstari kimezunguka kama cha kopo, feki ya kumiminwa kwenye kalibu hiyo. Mzee akacheka akaniambia, "Hiyo nililizwa mimi mwenyewe, siiuzi, naiweka niwaonyeshe watu." Hapo nikampenda. Kati ya zile mbili moja ilikuwa na kovu la kuchomelea juu, ishawahi kutiwa kitanzi ikavaliwa shingoni, bei yake ilikuwa chini sana, kama hujali kovu ichukue, mie hata naona ina hadithi zaidi ila nilitaka safi. Nikaanza kupatana, yeye elfu ishirini, mie elfu kumi, tukakutana kumi na tatu.

Sasa sikia. Mzee katoka kidogo, kaniacha na kijana wa dukani, mie niko kwenye simu nahangaika na M-Pesa imekwama, kugeuka namuona kijana ana kitambaa na ile dawa ya kung'arishia shaba anasugua rupia yangu!! Eti ananifanyia hisani. Ule weusi mzuri uliokaa kwenye herufi miaka zaidi ya mia, dakika moja kwisha, taji linameta kama sufuria mpya. Wakusanyaji wanajua, sarafu iliyosuguliwa imeshuka bei, huwezi kurudisha. Mzee aliporudi aliiangalia tu, akasema astaghfirullah, akapunguza elfu nne bila mie kufungua mdomo. Nikalipa tisa, nikatoka nimenuna na nimefurahi kwa wakati mmoja.

Kingine, vibandiko vyao msiviamini. Rupia za Kijerumani, za enzi zao Tanganyika, wamezichanganya zote wakaandika "kampuni", kumbe za kampuni yao Wajerumani ni zile zilizoanza 1890, zina Kaiser Wilhelm II na kofia yake ya tai, upande wa pili simba na mnazi, na lazima usome neno GESELLSCHAFT, yani kampuni kwa Kijerumani. Kuanzia 1904 ni za serikali, hazina hilo neno. Na zile shilingi za Afrika Mashariki zenye simba, za 1921 mpaka 1946, wanazoziita silva, ni robo tu ya fedha jamani, zingine zote shaba na madini mengine, usilipe kama unanunua bangili ya fedha.

Nyota nampa nne mzee, kijana moja, na hiyo moja ni sababu alinipikia kahawa. Ijumaa usiende mchana utakuta pamefungwa, enda asubuhi, beba lenzi yako, na ukichagua sarafu ishike mkononi mwako mpaka utoke mlangoni. Jumamosi narudi, mzee kaniambia ana nusu rupia ya 1890 nyumbani, nimemwambia asimuonyeshe kijana.