Tapeli hakuombwa ufunguo, mimi nikaombwa

Nyota moja kwa ramani ya simu, na hiyo nimetoa kwa sababu haiwezekani kutoa sifuri.

Nina nyumba ndogo ya wageni Bagamoyo, vyumba sita. Wateja wangu wengi ni watu wa Dar wanaokuja wikiendi, na wananipata kwenye ramani ya simu: wanaona picha, wanaona namba, wanapiga. Nilikuwa naisifia hiyo ramani kwa kila jirani.

Basi kipindi cha tamasha la TaSUBa, chuo chetu cha sanaa, mji umefurika, saa tatu usiku gari ikaingia. Baba, mama, watoto watatu, mmoja kalala begani. "Dada, sisi ndio wale wa vyumba viwili, kianzio tumeshatuma." Nikafungua daftari, hawamo. Baba wa watu akatoa simu akanionyesha muamala: shilingi 120,000, jina la mtu nisiyemjua. Eti alipouliza mbona jina si la nyumba ya wageni, akajibiwa hiyo ni namba ya mhasibu. Mhasibu! Mhasibu wangu mimi ni kauntabuku.

Akafungua ramani mbele yangu. Jina ni langu. Picha za baraza ni zangu, mpaka paka wangu kwenye ngazi yumo. Namba si yangu. Mkewe akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Mnashirikiana nyie." Hela iliibiwa yao, lakini neno lile mpaka leo linanichoma mimi. Nikawapa chumba kimoja kilichobaki, watoto nikawatandikia godoro chini. Baba alipopiga huduma kwa wateja ya mtandao wa simu hela irudishwe, ilikuwa imeshatolewa. Asubuhi tukaenda wote polisi, tukapewa RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa, na namba ya tapeli tukaituma 15040, kunakoripotiwa matapeli wa simu.

Nilikuja kujua baadaye kwamba mtu yeyote mwenye simu anaweza kubonyeza kwenye ramani sehemu ya kupendekeza mabadiliko, akaandika namba nyingine au akasema umefunga biashara, na ikapita bila mtu kukupigia hata kukuuliza.

Mimi mwenye nyumba sasa, nataka kurudisha namba yangu. Naambiwa nithibitishe. Nipige video moja isiyokatwa: barabara ionekane, bango lionekane, kisha nijionyeshe nikifungua kwa ufunguo mahali ambapo mteja haingii. Ya kwanza ikakataliwa, bila maelezo ya maana. Nadhani ni kwa sababu niliipiga saa ya magharibi, giza linaingia na umeme umekatika, bango halisomeki. Ya pili nikatoka jua la utosi, simu mkono mmoja, ufunguo wa stoo mkono mwingine, vijana wa bodaboda wananitazama. "Mama, unauza nyumba?" Nilitamani ardhi inimeze. Na yule tapeli, nani alimwomba ufunguo? Aliandika tarakimu kumi, akakubaliwa.

Sasa niseme haki, maana hasira imepungua kidogo. Usajili wangu kwenye ramani alinifanyia kijana wa steshenari miaka kadhaa nyuma, kwa elfu ishirini, akatumia barua pepe yake. Kwa hiyo mmiliki mkuu wa nyumba yangu kule mtandaoni alikuwa yeye, na taarifa za mabadiliko zilikuwa zinakwenda kwake. Nilipomfuata akasema, "Si ungeniambia, mama." Nikuambie nini, na wewe ndiye uliyekuwa unaletewa taarifa? Ila sikuwahi kumuuliza, na kosa hilo ni langu. Basi tuseme nyota mbili.

Siku hizi mmiliki mkuu ni mimi, kwa barua pepe yangu, yenye ulinzi wa hatua mbili: nenosiri, kisha tarakimu zinazoingia kwa meseji. Kijana nimemtoa. Mpwa wangu nimempa umeneja, anaweza kujibu wateja lakini hawezi kuniondoa. Kila Jumatatu, na kabla ya sikukuu yoyote, naazima simu ya mtu mwingine, naitafuta nyumba yangu kama mgeni, nabonyeza kupiga. Isipoita mfukoni mwangu, najua tayari. Juzi kati akanipigia mtu mwenye sauti laini, eti anatoka kwenye ramani, anaomba zile tarakimu zilizoingia kwa meseji ili "ahuishe" akaunti. Nikamkatia. Akapiga tena! Nikamjibu kwa Kiswahili cha sokoni, ambacho sitakiandika hapa.

Nilitaka kuishia hapo kwenye mbili. Lakini jana jioni, wageni wamekaa barazani wanakula pweza, simu ikalia: kuna aliyependekeza kwamba nyumba yangu imefungwa kabisa, je, nakubali?

Nimekataa. Nyota irudi moja.