RV ya Robin Williams: nimeiangalia na familia nzima, haya ndo niliyoyaona

Najua nimechelewa kinoma, muvi ya 2006 mtu unaiandikia leo, lakini mi nimeiona Jumamosi iliyopita na nimebaki nayo kichwani kwa hiyo vumilieni tu. Tulikuwa tunatafuta kitu ambacho tunaweza kukaa wote tukaangalia bila mimi kurukia rimoti kila dakika tano. Shughuli, maana mkubwa ana miaka kumi na nne na kila kitu kwake ni cha kitoto, mdogo ana saba na kila kitu kwake ni kirefu, na mama yao akiona sofa tu anasinzia. Tukaangukia hii RV. Dakika 99, daraja la PG, yaani watoto wanaruhusiwa ila mzazi awe macho, Robin Williams yuko kwenye picha ya mbele. Nikasema haya, Robin Williams hajawahi kuniangusha. (Ameshaniangusha mara kadhaa, ila marehemu tunamsamehe.)

Kwa ambao hamjui, RV ndo yale magari ya Wamarekani ambayo ndani kuna vitanda, jiko, friji, choo, bafu, yaani ni nyumba kabisa mtu kaifunga usukani. Robin Williams ni Bob Munro, baba mmoja wa California anayefanya kazi kampuni ya soda. Ana mke wake Jamie, huyo ni Cheryl Hines, ana binti Cassie ambaye ni JoJo yule mwimbaji, na ana kijana Carl ambaye ni Josh Hutcherson akiwa bado kadogo kabisa, kananyanyua vyuma na kuongea kibabe ili watu wasione kwamba ni kafupi. Walishapanga likizo Hawaii. Bosi anamkata Bob juu kwa juu, hakuna cha Hawaii, unaenda Boulder kule Colorado ukatetee dili la kuimeza kampuni moja ndogo ya soda, hutaki kazi huna. Sasa mwanaume mzima badala ya kukaa na mke wake amwambie mama fulani, kazini kumechafuka, anaenda kukodi hilo gari, anarudi nalo mpaka mlangoni na kutangaza kwa furaha kwamba likizo imebadilika, tunaenda milimani tukawe familia.

Hapo ndo mi nikakaa vizuri. Manake kila mtu ukimuuliza hii muvi inahusu nini atakwambia inahusu gari, mi nakataa, hii muvi inahusu uongo na gari ndo limeubeba. Ujinga wowote unaotokea mle ndani ukiufuata nyuma nyuma unakurudisha pale mlangoni pake siku ile. Kwa nini anaandika prezenteshini usiku kajifungia chooni? Uongo. Kwa nini anajikunja tumbo linauma ili wenzake waende matembezi wamwache? Uongo. Kwa nini anaingiza lile dude kwenye njia ya milimani ambayo hata pikipiki ingefikiria mara mbili, mpaka gari linaning'inia juu ya jiwe kama mizani ya dukani? Kwa sababu ana kikao ambacho familia haikijui na inabidi arudi kabla hawajamgundua. Kama mke angeambiwa ukweli dakika ya kumi na tano muvi ingeishia hapo hapo, wote tukalale.

Na gari lenyewe sasa. Ni refu, ni la kukodi, na ubavuni limechorwa sura kubwa ya jamaa anayekodisha, kwa hiyo kila wanapopita wanamtangazia mtu biashara bure. Yule jamaa anayekodisha, Irv, ni Barry Sonnenfeld, dairekta wa muvi mwenyewe kajiweka hapo. Watoto wa Bob wakalibandika gari jina la utani ambalo siliandiki, ila mwanangu mdogo alilisikia mara moja tu na mpaka leo ndo jina la gari letu.

Scene ambayo kila mtu anaikumbuka ni ile ya choo, na mi naomba niizungumzie kwa heshima zote. Tenki la choo limejaa. Bob kaenda pale kambini kwenye sehemu ya kumwagia, kashika mpira, hajui mwanzo hajui mwisho, na watu wa kambi wameanza kusogea kuangalia, na unajua tena watu wakishakusanyika kila mmoja anakuwa fundi, huyu anasema fungua, huyu anasema geuza, na Bob anaona aibu kusema jamani sijawahi kufanya hii kitu. Halafu yakaruka. Mwanangu wa saba alidondoka kwenye sofa kweli kweli siongezi chumvi, yule wa kumi na nne ambaye alikuwa kajifanya anaangalia simu akaitupa simu, na mama watoto akaamka kwa kelele akauliza kuna nini nikamwambia mavi. Akaomba turudishe nyuma.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba ile scene ukitoa chumvi ya yale maji kuruka kama chemchemi, iliyobaki ni kweli tupu. Nilikaa kesho yake nikasoma haya magari yanavyofanya kazi. Yana matenki matatu: moja la maji safi, moja la maji ya sinki na bafu, na la tatu ndo hilo la choo, Wamarekani wanaliita la maji meusi na wala sina haja ya kueleza. Ukifika kwenye kituo cha kumwagia unafunga mpira kwenye tundu la gari, upande wa pili unaushindilia kwenye shimo la maji taka, unahakikisha umekaza, ndo unafungua. Unaanza na la choo kwanza, likiisha unafungua la sinki na bafu ili yale maji ya sabuni yasuuze mpira. Ukikosea tu kukaza, wewe ni Bob. Na lile gari kubwa kama lile kwenye majimbo mengi ya Marekani unaliendesha kwa leseni ya kawaida ya gari ndogo, hakuna mafunzo hakuna mtihani, unalipa unapewa funguo! Lina urefu wa basi, linakunywa mafuta lita 25 mpaka 40 kwa kilomita 100, na dereva wake jana alikuwa anaendesha kijigari cha kwendea ofisini. Ndo maana nasema waandishi hawakuhitaji kubuni sana.

Hendibreki nayo. Kuna utani unajirudia muvi nzima, gari likipaki linaanza kutembea lenyewe. Mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikacheka kidogo, baadaye nikawa namwambia Bob kwa sauti WEKA KABARI kwenye tairi baba, kipande cha mbao tu, hata konda wa siku ya kwanza anajua. Hawekagi. Nadhani huo utani umevutwa kupita kiasi ila sitadanganya, ulivyokuja kumpata yule bosi mwishoni nilipiga makofi.

Ila mi nyota zangu nazitoa kwa familia ya Gornicke. Hawa ni watu wanaoishi barabarani moja kwa moja, wana basi lao la zamani, baba Travis ni Jeff Daniels, mama Mary Jo ni Kristin Chenoweth mwenye kile kisauti chembamba, na watoto watatu wanasomeshwa humo humo ndani. Wanaimba. Wanakumbatia watu. Wanaongea karibu mno na uso wako. Familia ya Bob inawaona washamba na inawakimbia muvi nzima, inafika mahali wanalala chini wakae kimya wajifanye hawapo, na kila wakipata matatizo anayetokea kuwasaidia ni nani? Gornicke. Hawaulizi kitu, hawakumbushii jana mlitukimbia. Jeff Daniels anacheza kwa upole fulani, huoni kama anachekesha, anamaanisha kila neno, na ndo maana anachekesha. Kuna muda nikajikuta najisikia vibaya maana mi pia kuna watu nikiwaona kwa mbali navuka barabara, na wale watu ndo ambao gari likiharibika saa nane usiku nitawapigia.

JoJo naye yuko vizuri, ile hasira ya binti wa miaka kumi na tano anayeona baba yake ni aibu inayotembea, binti yangu alikuwa anaitikia kwa kichwa kila baada ya sentensi nikawa namkata jicho. Muvi inaanza na Cassie akiwa mdogo anamwahidi baba yake hatamwacha kamwe, halafu wanaruka miaka, binti mwenyewe hata salamu anaitoa kwa tabu. Pale nilicheka peke yangu. Cheko la maumivu.

Sasa mabaya, maana siyo kwamba ni muvi ya maana sana. Robin Williams kuna sehemu wamemwachia tu afanye vituko na kuna sehemu wamembana, haijulikani kipi ni kipi, na yeye akibanwa unamwona kabisa anatafuta mlango. Ile scene ambayo Bob anaongea na vijana fulani kwa lugha ya mtaani ni ndefu na inachosha. Rakuni, vile vinyama vya Marekani vyenye uso kama vimevaa kinyago, kuvamia gari nimecheka ila wamekaa sana humo. Bosi ni bosi wa katuni, hana hata sababu moja ya kuwa mbaya, kaamka tu hivyo. Na mwisho, kama hujaiona ruka mistari hii miwili, Bob anasimama mbele ya wale wenye kampuni ndogo anawaambia msiuze, kazi inaota mbawa, halafu dakika mbili tatu kazi nyingine imeshapatikana na mke kashasamehe. Mke kadanganywa barabara nzima kutoka California mpaka Colorado halafu anasamehe kirahisi vile? Mama watoto aliguna. Lile guno nalijua, halikuwa la muvi peke yake.

Wahakiki walivyotoka nayo kipindi kile hawakuwa na huruma. Razzie, zile tuzo za kudhihaki muvi mbovu, waliipa kabisa ile ya kisingizio kibovu zaidi cha burudani ya familia. Lakini wiki yake ya kwanza Marekani iliongoza mauzo, na duniani ikaingiza kama dola milioni 87 wakati kuitengeneza iligharimu karibu milioni 50, kwa hiyo kuna watu walienda wakacheka wakarudi nyumbani bila kumuuliza mhakiki. Mi naiweka tatu na nusu kwenye tano. Nusu ni ya scene ya choo peke yake.

Kitu kingine kidogo, ile milima mnayoiona ya Colorado nyingi ni Kanada, walipiga picha British Columbia na Alberta. Haijaniharibia chochote, milima ni mizuri mno, ila niliposoma nikacheka, yaani hata safari yenyewe ni ya uongo.

Kama mna watoto chini ya miaka mitano sijui, kuna maneno maneno ya uani na mwanangu mdogo sasa hivi anayo yote. Kama mna kijana anayeona aibu kutembea na nyie, iwekeni bila kumwambia ni ya familia, semeni tu ni ya zamani, atakaa. Na kama na wewe ni mtu wa kazi kukufuata mpaka nyumbani jiandae, kwa sababu mi kuna ujumbe wa ofisini uliingia katikati ya muvi, nikasema naenda mara moja, nikaingia chooni nikajibu, ukaja wa pili nikajibu, nikafungua na faili nirekebishe kitu kimoja tu. Natoka nakuta wamesimamisha muvi wote watatu wananiangalia, na kwenye skrini ni Bob amekaa juu ya choo na laptopu mapajani.

Tangu siku hiyo nikibeba simu kuelekea kule, yule wa miaka saba anatangaza nyumba nzima kwa sauti: baba anaenda Boulder.