GLO Records na topoView: Shamba Utalipata, Kaburi Utalitafuta

Mababu wengi wa vijijini Marekani katika karne ya 19 walizikwa kwenye kona ya shamba lao, si kanisani wala mjini. Kwa kuwatafuta hao kuna tovuti mbili za serikali, zote bure: GLO Records (hati za ardhi) ya Bureau of Land Management, idara ya ardhi ya serikali kuu, na topoView (ramani za zamani) ya USGS, idara ya jiolojia na ramani. Ya kwanza ni nzuri kuliko sifa zake. Ya pili inahitaji jicho kali.

GLO Records ina hati zaidi ya milioni tano za ardhi ya serikali kuu, tangu 1788. Chagua jimbo, andika jina la ukoo, na kama tahajia ina utata weka alama ya % mahali pa herufi unazozitilia shaka. Ukiipata hati, usiishie kufurahia picha yake. Nakili maelezo ya kiwanja. Tuseme ni NE¼ SE¼, sekshoni 14, T5N R3W. Hayo husomwa kuanzia nyuma. R3W ni safu ya tatu magharibi ya meridiani kuu (mstari wa kaskazini-kusini ambao wapimaji walianzia), T5N ni ya tano kaskazini ya mstari wa msingi (ule wa mashariki-magharibi). Zinapokutana pana mraba wa maili 6 kwa 6, wenye sekshoni 36 za ekari 640 kila moja. Namba huanzia kona ya kaskazini-mashariki, huenda magharibi hadi 6, kisha 7 hukaa chini ya 6 na hesabu hurudi mashariki, kama ng'ombe wa plau. Kwa hiyo 14 iko mstari wa tatu kutoka juu, kisanduku cha pili kutoka kulia. Kigawe mara nne, chukua robo ya kusini-mashariki, nayo igawe mara nne, chukua ya kaskazini-mashariki. Hapo una ekari 40, mita 400 hivi kila upande.

Kosa kubwa ni kusahau jina la meridiani. Illinois ina tatu, na T5N R3W hujirudia.

Msitegemee ramani za wapima ardhi wa kwanza kuonyesha kaburi: nyingi zilichorwa kabla walowezi hawajafika. Pia, chini ya sheria ya Homestead ya 1862, mtu alikaa miaka mitano kabla ya kudai hati. Akifa katikati, hati hutoka kwa jina la mjane au warithi, basi mtafuteni mke pia. Majimbo yaliyotokana na makoloni 13, pamoja na Kentucky, Tennessee na Texas, hayamo kwenye mfumo huu. Na aliyenunua shamba kwa jirani hatakuwemo. Huyo yuko kwenye vitabu vya mauzo vya kaunti. Humo ndimo mnapopatikana dhahabu, maana muuzaji mara nyingi aliandika kwamba eneo la makaburi halimo katika mauzo.

Kwenye topoView, bofya eneo lile na uangalie ramani zote za miaka tofauti. Za kipimo cha 1:62,500 hubana sana, sentimita moja ni mita 625, na eneo la familia lenye makaburi matano tu huachwa bila kuchorwa. Za 1:24,000 ndizo zenye faida: tafuta msalaba mdogo au herufi "Cem". Ukihamishia kwenye GPS, angalia datum, yaani msingi ambao vipimo vya mahali huanzia. Ramani za zamani hutumia NAD27 (ya 1927), na ukiisoma kama NAD83 (ya 1983) utakosea kwa makumi ya mita, umbali wa kutosha kukupeleka upande usio sahihi wa kijito.

Mwombe mwenye ardhi ruhusa kabla ya kuvuka uzio. Nenda majani yakiwa yamepukutika: unatafuta mabonyeo mafupi ya ardhi yaliyolala mashariki-magharibi, mawe yasiyochongwa yaliyosimamishwa, mierezi mikongwe, na vinka (ua la bustani) inayotambaa mahali ambapo hakuna nyumba. Mwezi Julai vyote hivyo hufunikwa na magugu.