Maabara ya vinasaba Dar: inzi weupe 24, majibu "hakuna bakteria"

Nyota mbili. Moja ni ya dada wa mapokezi, aliyezipokea sampuli kwa adabu na kuziingiza kwenye friza palepale. Ya pili nitaieleza mbele, kama itakuwa bado ipo.

Nilipeleka inzi weupe 24 wa mihogo kutoka Mkuranga, majike watupu, wamehifadhiwa kwenye ethanoli ya asilimia 95. Niliomba PCR (kipimo kinachonakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane) ya bakteria watatu: Portiera, Arsenophonus na Wolbachia. Baada ya wiki kadhaa za "njoo kesho" ikatoka karatasi: hakuna bakteria. Wote 24, vipimo vyote vitatu.

Wolbachia sawa, naweza kukubali. Hata Arsenophonus. Hao ni wapangaji, inzi huyu anao na yule hana. Lakini Portiera! Inzi mweupe hunyonya utomvu wenye sukari tele na asidi amino muhimu chache mno. Anayemtengenezea zinazopungua ni Portiera, aliye ndani ya seli maalumu tumboni, na mama humrithisha mtoto kwa kuiingiza seli nzima kwenye yai. Inakadiriwa wako pamoja zaidi ya miaka milioni 100. Kwa muda huo bakteria amepoteza jeni nyingi za kujitegemea, amebaki na herufi takriban 350,000 za DNA, wakati E. coli, bakteria wa kawaida wa utumbo, ana kama milioni 4.6. Kuandika kwamba inzi mzima hana Portiera ni kama kuandika kwamba mtu aliyekuja kwa miguu yake hana ini.

Nikaenda kuuliza. Mtaalamu hakuinua hata macho: "Kaka, mashine haidanganyi." Halafu akashauri nilipie tena ili waoteshe bakteria kwenye sahani. Portiera haoti kwenye sahani! Jeni za kuishi nje ya seli ya mdudu alishazipoteza.

Nikadai picha ya jeli, ambako DNA iliyonakiliwa huonekana kama mstari. Kidhibiti chanya (sampuli inayojulikana kuwa na bakteria) kilikuwa na mstari mzuri, kwa hiyo vimeng'enya na praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia nakala) havikuwa na kosa. Kilichokosekana ni COI, jeni ya inzi mwenyewe, hawakuipima kabisa. Nikang'ang'ania waipime kwenye vijichupa vinne. Tupu. Yaani kwa kipimo chao hata inzi hayupo, na bado walitia sahihi kwamba bakteria hayupo.

Kosa lilikuwa Chelex, chembechembe za kusafishia DNA. Wanamsaga inzi mmoja kwenye maikrolita 50 za Chelex ya asilimia 5 pamoja na proteinezi K (kimeng'enya cha kuvunja protini), nyuzi 56 kwa saa moja, kisha nyuzi 95 kwa dakika 10. Hapo hawajakosea. Lakini vijichupa vililala kwenye friza, vikayeyuka, vikatikiswa, na pipeti ikachota kutoka chini. Chembe za Chelex hunasa magnesiamu, na bila magnesiamu kimeng'enya cha PCR hakifanyi kazi. Dawa yake ni kuzungusha tena kwenye sentrifuji dakika 3 kabla ya kuchota, kuchukua maikrolita 2 za juu kabisa, na kupima pia sampuli iliyozimuliwa mara 10.

Walifanya hivyo. COI 24 kwa 24, Portiera 24 kwa 24, Arsenophonus 15. Mistari imenyooka, safi, na hapo ndipo nyota ya pili ilipotoka, maana mikono yao ikitaka inaweza.

Kisha wakaniletea ankara ya marudio. Bei kamili, kwa kosa lao! Nairudisha nyota hiyo. Imebaki ya dada wa mapokezi peke yake.

Ukilazimika kwenda, andika kwenye fomu yao kabla hujatoa hela: COI kwa kila mdudu, kidhibiti hasi cha tangu kusaga (kijichupa kisicho na mdudu kinachopitia hatua zote), na picha ya jeli nzima isiyokatwa pembeni. Bila COI usipokee karatasi yao.