Tathmini ya huduma mbili za kufuatilia gari la zamani: moja ya kuepuka, moja ya kungojea

Kwa miezi saba nimekuwa nikimsaidia mzee jirani yangu, hapa kusini mwa California, kutafuta gari la marehemu kaka yake: Ford la 1932, la wazi, la viti viwili. Kaka huyo alilinunua baada ya vita, akaling'oa madigadi, akakifupisha kioo cha mbele na kuligeuza hotirodi, yaani gari la zamani lililopunguzwa uzito na kuongezwa nguvu, la kushindana kwenye ziwa kavu la El Mirage, kisha akaliuza miaka ya hamsini na familia haikuliona tena. Tumelipia huduma mbili.

Ya kwanza ni ya mtandaoni: unajaza namba ya utambulisho wa gari, unalipa, unaletewa historia yake. Kwa gari la umri huu siipendekezi hata kidogo. Mifumo hiyo imejengwa juu ya namba za tarakimu na herufi 17, ambazo Marekani ilizifanya kuwa sharti kwa magari ya kuanzia 1981, kwa hiyo Ford la 1932 halimo. Tuliletewa ukurasa mtupu, na tulipodai fedha zetu tukajibiwa kwamba utafutaji ulikwisha kufanyika. Wanaojua kwamba hawana cha kukupa wangepaswa kukuambia kabla ya kupokea malipo, hasa unapokuwa mzee wa miaka themanini na kitu unayetafuta kumbukumbu ya nduguyo.

Ya pili hutolewa na fundi mstaafu ambaye kazi yake sasa ni hii tu, naye nampa sifa zote. Jambo la kwanza alilotaka lilikuwa kadi ya gari iliyo kuukuu kuliko zote. Enzi hizo kiwanda cha Ford kiligonga namba ya injini pia juu ya reli ya kushoto ya fremu, ile boriti ndefu inayobeba bodi, na California iliandikisha magari kwa namba ya injini. Vijana wa hotirodi walibadilisha injini mara kwa mara, na kila injini mpya ilipoingia, kadi ikabadilika nayo. Ndiyo maana anayefuata makaratasi hupotea njiani. Fremu, hata hivyo, hubaki na namba ya injini ya kwanza, ingawa sehemu kubwa ya reli hiyo hufunikwa na bodi. Mzee alikuwa na kadi ya 1946 ndani ya kopo la biskuti, na utafutaji wote ulianzia hapo.

Magari mashuhuri yana nafuu. Gari la Mercury la 1951 la Bob Hirohata, lililobadilishwa umbo na mafundi ndugu, akina Barris, mwaka 1952, liliuzwa kwa kijana mmoja kwa dola 500 mwishoni mwa miaka ya hamsini, lakini picha zake zilikwisha kuenea magazetini, na mwaka 2022 lilinadiwa kwa zaidi ya dola milioni 1.9. La kaka wa mzee halikuwahi kutoka gazetini. Fundi alilitafuta kwa kupitia vijitabu vya mashindano ya SCTA, chama kinachoandaa mbio hizo za kusini mwa California, ambavyo huorodhesha madereva na kasi zao, kisha akawaandikia wenye magari ya namna hiyo mmoja baada ya mwingine.

Kasoro zipo. Huchelewa kujibu, wiki tatu zinaweza kupita bila neno, na taarifa yake huja kwa mwandiko wa mkono ambao mara mbili ilinibidi nimpigie simu anisomee. Hatoi ahadi ya kupata chochote, na bei yake si ya kila mtu.

Gari lilipatikana Arizona, rangi nyingine, injini nyingine, bodi na fremu zikiwa bado pamoja. Mwenyewe alikubali bodi inyanyuliwe, na namba ya kadi ya 1946 ikaonekana chini ya kutu. Kwenye dashibodi, upande wa kulia, palikuwa na matundu mawili madogo ya skrubu yaliyozibwa kwa rangi. Ndani ya lile kopo la biskuti mlikuwa na kibao cha shaba cha El Mirage chenye kasi ya kaka yake, naye mzee alikiweka juu ya matundu hayo kwa mkono wake. Yalilingana.