Miaka miwili na Debian 12: seva moja, wanafunzi 60

Seva niliyokabidhiwa kwenye maabara ya kompyuta chuoni, hapa Morogoro, ni mashine ya kawaida tu: RAM ya GB 16, diski moja, na UPS iliyokwisha kuchoka. Wanafunzi 60 wanaingia humo kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva kupitia mtandao), kila mtu na akaunti yake, kufanya mazoezi ya kuandika programu. Niliweka Debian 12, mfumo endeshi wa familia ya Linux, toleo liitwalo Bookworm lililotoka Juni 2023. Sababu ya kwanza ni pesa, sitaficha. Windows Server inataka leseni ya seva, na juu yake leseni za watumiaji. Debian unashusha bure, na hakuna anayekuuliza una watu wangapi.

Sasa ni miaka miwili na ushee. Yenyewe haijawahi kuniangusha. Wanaoiangusha ni sisi tunaoitumia. Na nimeijua tabia yake: haisemi uongo, ila haimalizi sentensi.

Jumatatu moja, siku ya kukusanya kazi, mwanafunzi alikuja mlangoni. "Shikamoo mwalimu. Seva inasema imejaa." Nikaitika marahaba, nikapiga df -h, amri ya kuonyesha nafasi ya diski: /home, yaani sehemu ya mafaili ya watumiaji, imetumika asilimia 41. Nikamtazama kama mtu aliyekuja na kisingizio chake mapema. Haikupita muda wakawa wanane. Basi nikafanya kile kinachofanywa na kila fundi aliyeishiwa mbinu: nikaizima, nikaiwasha. Ikarudi na ujumbe uleule, hakuna nafasi kwenye diski.

Kumbe kilichojaa ni inodi. Katika ext4, mfumo unaopanga mafaili kwenye diski yangu, kila faili, hata la mstari mmoja, huchukua inodi moja, kama jina kwenye rejista ya darasa. Rejista ikijaa huandikishi mtu mpya, hata kama madawati yako tupu. Na kurasa za rejista hiyo huhesabiwa siku unapoumbiza diski: usipoingilia, ni inodi moja kwa kila KB 16. /home yangu ya GB 100 ilipewa kama milioni 6.5. Nilipopiga df -i, inayohesabu inodi, nikakutana na asilimia 100.

Amri iliyonionyesha mhusika ni du --inodes, matokeo yake nikayapanga kwa sort. Kijana mmoja alikuwa ameacha kitanzi chake cha Python kikikimbia tangu Ijumaa jioni, kinaandika kila kipimo kwenye faili lake. Mamilioni ya mafaili, kila moja na mstari mmoja! Nikajaribu rm *, amri ya kufuta yote, nikaambiwa orodha ni ndefu mno. Aliyeyamaliza ni find na -delete yake, taratibu, huku darasa zima limesimama nyuma yangu. Kijana mwenyewe alisimama mwisho kabisa.

Tangu siku hiyo nimeweka kwota, yaani mpaka wa matumizi ya diski kwa kila mtu. Watu wengi wakisikia kwota wanafikiria ukubwa tu, lakini setquota inapokea vipimo viwili, ukubwa na idadi ya mafaili. Nimempa kila mwanafunzi mafaili 100,000 kama mpaka laini na 120,000 kama mpaka mgumu. Akivuka ule laini ana siku saba za kujisafisha. Anayefika mgumu anakwama peke yake, wenzake wanaendelea. RAM nayo nimeifungia kwa systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo: faili dogo ndani ya /etc/systemd/system/user-.slice.d, mstari wa MemoryMax=2G, na hakuna tena programu ya mmoja inayokula RAM ya wote.

Malalamiko madogo ninayo. Mwezi wa kwanza nilitafuta /var/log/auth.log, faili linaloandika nani ameingia, nisiione, moyo ukanidunda, nikajua tumeshaingiliwa na mtu kafuta nyayo zake. Hakuna aliyeingia. Debian 12 ukiiweka upya haiji na rsyslog, programu inayoandika mafaili hayo ya matukio; kila kitu unakisoma kwa amri ya journalctl, na maelezo ya toleo yameliandika hilo waziwazi. Mimi ndiye sikuyasoma. fail2ban, inayowafungia nje wanaobahatisha nywila, nayo ilikataa kuwaka kwa sababu hiyohiyo, mpaka nilipoiandikia backend = systemd. Na ukiandika su (amri ya kugeuka msimamizi) bila kistari, useradd, amri ya kuongeza mtumiaji, haionekani. Andika su -. Hili nimewaeleza wasaidizi wangu mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka.

Debian 13 ilitoka Agosti 2025, na watu wananiuliza mbona sijahamia. Kule /tmp, folda la mafaili ya muda, imehamishiwa kwenye RAM, na inaruhusiwa kufika nusu yake. Kwangu hiyo ni GB 8, na wanafunzi wangu wameifanya /tmp jalala: video, zipu, kila walichoona kitawamalizia kwota. Bookworm bado inapata masahihisho ya usalama, kwa hiyo nasubiri likizo ndefu, nifagie kwanza.